Uhusiano na Mwajiri

Mama Dobi alikuwa hajawahi kukaa saa kumi na nne mahali pamoja bila kazi mkononi. Hata alipojifungua mwanawe wa pekee, siku ya tano alikuwa ameshasimama mezani anapiga pasi mashuka ya watu, na mtoto kalazwa pembeni kwenye kapu la nguo safi. Sasa amefungwa mkanda kiunoni, safu ya arobaini na saba, katikati ya watu asiowajua, mikono imelala mapajani kama ya mtu aliyekuja kuomba radhi.

Kiti chenyewe, tuseme kweli, kilikatwa kwa kipimo cha mtu asiye na magoti. Yake yaligusa kiti cha mbele, na aliyekaa mbele akijisogeza kidogo tu, magoti yalipata habari. Kushoto, upande wa njia, palikaa kipande cha baba aliyelala kabla ndege haijaruka, mdomo wazi, kiwiko kimeshavuka mpaka. Kulia, dirishani, alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini hivi. Huyo alipofika alivua viatu, akavitia kwenye mfuko wa plastiki aliokuja nao, akavaa soksi nene, akajifunika blanketi na kufunga mkanda juu yake ili mtu asimwamshe kuukagua. Alimaliza yote hayo Mama Dobi bado anatafuta mkanda wake unaingia upande gani.

"Shikamoo, dada," alisema yule wa dirishani. "Safari ya kwanza hii?"

"Marahaba, mdogo wangu. Umejuaje?"

"Umeamkia kila mtu kuanzia mlangoni mpaka huku nyuma. Wengine wamedhani unagombea ubunge."

Mama Dobi akacheka. Alikuwa na furaha siku hiyo, na mtu mwenye furaha hakasiriki ovyo. "Nakwenda kwa mwanangu," alisema. "Kapata mtoto, mjukuu wangu wa kwanza, ana miezi miwili. Mwenyewe yumo humu humu ndegeni, huko mbele."

"Mbele wapi?"

"Kule nyuma ya pazia."

Jirani aliinua nyusi. "Yeye nyuma ya pazia, wewe huku na sisi?"

"Tiketi yake kakatiwa na kazini kwake. Hii yangu ndiyo kanikatia yeye."

"Haya, vizuri," alisema jirani, kwa sauti ile ile ambayo Mama Dobi mwenyewe alikuwa akiitumia kwa mteja mwenye doa lisilotoka.

Lakini hakujali. Mlangoni mwa ndege mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia tangu yuko sekondari, alimshika bega akamwambia, "Haitui popote njiani, Mama, ni moja kwa moja. Nitakuja tukae tuongee mpaka tuchoke." Kwa miaka kumi na moja aliyokaa ng'ambo alikuwa amerudi nyumbani mara mbili, siku tano tano, na siku zenyewe zililiwa na marafiki na simu, kama zilivyoliwa na kazi wiki tatu hizi alizotumwa na ofisi yake. Sasa huku juu simu haziiti na marafiki hawabishi hodi. Mama Dobi alikuwa amemwekea maneno mengi, ya paa lililobadilishwa, ya kaburi la baba yake lililojengewa, ya nani kamwoa nani mtaani. Alitaka kuwa naye tu, kabla mke na mtoto hawajamchukua tena.

Wakaletewa chakula, kila kitu kimefunikwa na kubanwa kwenye sinia dogo, hata chumvi ina nguo yake. Mama Dobi alikula kila kilichokuwemo, akafuta kijiko na kukirudisha mahali pake. Baadaye wahudumu wakapita wakisema madirisha yafungwe, na taa zikazimwa mchana kweupe, ati watu walale. Nje jua lilikuwa linawaka. Kwenye kioo kidogo mbele yake palikuwa na picha ya ndege inayotambaa juu ya ramani kama chawa kwenye shuka, ukiitazama haiendi, ukigeuka unakuta imesogea.

Injinia hakuja.

"Tujaze kadi zetu mapema," jirani alimwambia. Alikuwa ameshamwomba mhudumu kadi mbili za kuonyesha wakati wa kushuka. "Mwishoni wanazigawa watu wote wakiamka, kalamu inakuwa ya kugombania. Nipe pasipoti yako nikunakilie namba."

Mama Dobi akampa. Jirani akafunua kurasa, akafika penye viza. Akaisogeza kwenye taa ndogo ya juu.

"Dada, ulisema unakwenda kukaa na mwanao?"

"Ndiyo. Kumlea mjukuu."

Jirani akatoa pasipoti yake, akaifungua, akaziweka mbili sambamba juu ya meza ya kukunja. Stika zilifanana kama mashati ya sare, zote zina mstari wa kijani pembeni. "Hii nimebandikwa mara nne," alisema. "Naijua kama ninavyomjua bosi wangu. Ni ya mtumishi wa nyumbani."

"Basi wamekosea."

"Hawa hawakosei upande huo. Huna karatasi nyingine yoyote uliyopewa?"

Ilikuwepo bahasha. Injinia alimpa asubuhi, akamwambia, "Hii tutaionyesha tukifika, usiifungue isije ikajikunja." Yeye ndiye wa kumwambia dobi habari za mikunjo! Mama Dobi aliitoa kwenye mkoba, akaifungua polepole kwa kucha, bila kuichana. Karatasi tatu za kigeni. Jirani akazisoma kwa mdomo usiotoa sauti, kisha akaanza kumtafsiria kidogo kidogo, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

"Mwajiri, hili jina la mwanaume."

"Ndilo jina la mwanangu. Anatumia la baba yake."

"Mfanyakazi, hili lako."

"La baba yangu, ndiyo."

"Kazi. Kulea mtoto, kupika, kufua, kupiga pasi, kusafisha nyumba. Muda, miaka miwili. Mapumziko, siku moja kwa wiki." Akakunja karatasi haraka. "Basi, ndiyo hayo tu."

"Kuna mstari umeuruka. Nimekuona."

"Huo achana nao."

"Nisomee, mdogo wangu. Nimekula chumvi nyingi, haitanidhuru."

Jirani akashusha pumzi. "Uhusiano na mwajiri."

"Wameandika nini?"

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna tu, dada. Neno moja."

Chini kabisa, pembeni ya lile neno, palikuwa na sahihi ya Mama Dobi, ile ya herufi kubwa zinazoegemeana aliyojifunza darasa la nne. Ilikuwa yake, wala hakuweza kuikana.

Miaka arobaini aliwafulia watu, na kwa miaka yote hiyo hakupokea fungu la nguo bila kulifungua mbele ya mwenyewe. Shati moja moja alilinyanyua kwenye mwanga. Doa hili la wino nimelikuta, kifungo cha tatu hakipo, kwapa limechanika, tumeelewana? Watu walinuna, wengine walimwita mshari, lakini hakuna aliyerudi kumsingizia. Lakini wiki tatu zilizopita, siku mwanawe alipotandaza karatasi juu ya meza ile ile ya kupigia pasi, akasema, "Sahihi hapa, Mama, na hapa, na hapa chini," alitia zote tatu huku anamuuliza kama ameshakula.

Na jambo lililomchoma zaidi ni hili. Mabibi wenye nyumba kubwa walimtaka mara nyingi. Njoo ulale kwetu, walimwambia, chumba kipo uani, kula utakula. Akawajibu wote jibu moja, nguo zako nitafua ziwe nyeupe mpaka zikuumize macho, lakini kulala nalala kwangu. Hakutaka mtoto wake akue akimwona mama yake anaitwa kwa kengele.

"Angalau wewe," jirani alijaribu kumtania, "bosi wako ulimchagulia jina mwenyewe."

Mama Dobi hakucheka. Alifungua mkanda, akampita kipande cha baba kwa kumkanyaga vidole, akaelekea mbele. Njia ilikuwa nyembamba, miguu ya watu imejitokeza, na yeye viatu vimeanza kumbana kwa uvimbe. Alipita safu zote, akafika kwenye pazia la kijivu, zito, limenyooshwa na mashine, maana mikunjo yake ilishuka kwa kipimo kimoja. Alipoligusa tu, dada mhudumu akatokea.

"Samahani mama, vyoo vyenu viko nyuma."

"Sitafuti choo, namtafuta mwanangu."

"Kiti namba ngapi?"

"Namba sijui. Ana shati la bluu, kola nimeinyoosha mimi leo asubuhi. Waweza kuwa umeiona."

Mhudumu akaingia ndani. Pazia lilipofunguka Mama Dobi aliona kitanda kizima, mto mweupe, na mguu uliovaa kandambili laini za kitambaa. Pazia likafungwa. Alingoja amesimama, ameshika ukuta.

"Amelala," mhudumu alisema aliporudi. "Amesema atakuja baadaye."

"Amelala, au amesema?"

Dada wa watu akatazama zulia. "Rudi ukakae, mama. Tunategemea mtikisiko kidogo."

Ndege ilikuwa imetulia kama meza.

Saa nyingine nne zikapita. Mtoto wa safu ya nyuma alilia, akabembelezwa, akalia tena. Kipande cha baba alikoroma, akajigeuza, akaja na bega lote. Mama Dobi alikaa na bahasha mapajani, anaitazama ile ndege ya kwenye kioo. Laiti lingekuwa gari angegonga bodi na kusema nishushe hapa hapa, nitatembea. Lakini huku hakuna kituo, na chini ni maji matupu.

Injinia alikuja zikiwa zimebaki saa tano, na zile kandambili zake za kitambaa. Alichuchumaa kwenye njia, akaongea juu ya mapaja ya yule baba. Jirani alifumba macho, lakini kope zilikuwa hazijatulia.

"Mama, umelala kidogo?"

"Nimesomewa barua yangu."

Aliiona bahasha. Akajipangusa uso kwa kiganja, kama alivyofanya utotoni akikutwa na kosa. "Nilitaka nikueleze mwenyewe."

"Ulikuwa na wiki tatu za kunieleza."

"Punguza sauti, Mama. Sikiliza. Viza ya mzazi inachukua miaka miwili, wakati mwingine mitatu. Hii imetoka ndani ya siku ishirini. Mke wangu anarudi kazini Jumatatu, na mtoto wa miezi miwili tungemwachia nani? Ni karatasi tu."

"Na vile vyeti vilivyokupeleka ng'ambo, navyo vilikuwa karatasi tu?"

"Mama..."

"Hapa paliposemwa hakuna, nani aliandika?"

"Fomu ndiyo inataka hivyo. Ukiandika ndugu wanaikataa."

"Sijakuuliza inataka nini. Nimekuuliza mkono wa nani."

Akainamisha kichwa. "Wangu."

Mama Dobi akatikisa kichwa taratibu. "Na mkeo?"

"Anajua. Tulikubaliana. Hata majirani pale tumewaambia anakuja msaidizi, maana watu wa kule wanaripotiana. Ni miaka miwili tu, Mama, halafu tunabadilisha."

"Mjukuu wangu ataniitaje hiyo miaka miwili?"

Injinia alifikiri, akajibu kwa nia njema kabisa, na hilo ndilo lililomkata maini. "Bado mdogo, Mama. Hajaanza kusema."

Kipande cha baba kikagugumia usingizini. Injinia alisubiri kitulie, kisha akasogea karibu zaidi, na Mama Dobi akasikia harufu ya kahawa nzuri.

"Pale dirishani pa uhamiaji nitakuwa nawe, nitatafsiri. Wewe usiseme mwanangu, wala usinishike. Na neno mama usilitamke kabisa, lile kila mtu duniani analielewa. Wakigundua, wewe wanakurudisha, na mimi nafukuzwa kazi, pengine nafukuzwa na nchini. Mtoto na mama yake watakwenda wapi? Nakuomba."

"Unaniomba kama nani?"

Taa ya mikanda ikawaka, safari hii mtikisiko ukawa wa kweli, na mhudumu akaja kumwambia bwana arudi kwenye kiti chake tafadhali. Bwana akarudi.

Jirani alifumbua macho. "Anavyosema ni kweli," alisema. "Ukisema neno moja pale, jioni unarudi na ndege hii hii, kiti kama hiki. Na yeye kwisha habari yake. Nimeshuhudia."

"Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza utamshika mjukuu wako." Akavuta blanketi. "Mimi wangu nilimwacha ana miaka sita, nikaenda kulea wa watu. Sasa ana ishirini. Akinipigia simu huanza na habari za huko. Kama anampigia mjumbe wa mtaa. Sikushauri, dada. Nakwambia tu."

Magurudumu yakagonga ardhi na watu kadhaa wakapiga makofi.

Viatu havikuingia. Alikanyaga visigino vyake, akavivuta kama ndala njia nzima ya ukumbi ule mrefu wenye mwanga wa hospitali. Yeye na jirani wakaagana kwa kushikana mikono miwili miwili, kisha jirani akaenda kwenye mstari wake, haraka, kama mtu anayechelewa zamu. Injinia alikuwa amesimama kando, kavaa koti, kachana nywele. Hakumsogelea sana.

Dirishani alikaa mama mmoja wa makamo, nywele fupi, miwani puani. Alichukua pasipoti, akaitazama stika, akachukua mkataba, akaufunua. Kisha akaonyesha kioo kidogo chenye mwanga wa kijani, Mama Dobi aweke vidole.

Akaviweka. Mashine ikalia, ikawaka nyekundu. Akaambiwa afute, aweke tena. Nyekundu. Mkono wa kushoto, nyekundu. Afisa akainuka kidogo, akamshika mkono, akaugeuza kiganja juu. Ncha za vidole zilikuwa laini kama sabuni iliyokwisha, hazina mstari hata mmoja. Soda, makali ya dawa za madoa, na chuma cha moto vilikuwa vimekula vyote siku nyingi.

Mama Dobi aliona mwanawe akifungua kifungo cha koti na kukifunga tena. Alijua kwamba hapo hapo, mkono wake ukiwa bado mkononi mwa mwanamke mwenzake, angeweza kuutoa, kuuweka tumboni, halafu kumnyooshea kidole huyu mwanaume wa koti. Asingehitaji mkalimani. Mwanamke yeyote angeelewa.

Afisa aliuachia mkono taratibu. Alimwambia Injinia kitu, na uso wake ulikuwa umelegea, maana shaka yote aliyokuwa nayo imemtoka. Vidole vile vilikuwa vimempa ushahidi kuliko karatasi.

"Anasema inaonekana umefanya kazi sana," Injinia alitafsiri, hakumtazama. "Anauliza... umenifanyia kazi mimi kwa muda gani?"

Mama Dobi aliweka mikono yote miwili juu ya ukingo wa dirisha, ikaonekana.

"Mwambie miaka thelathini na minane."

Ndiyo miaka aliyokuwa nayo Injinia, na miezi mitatu juu yake. Masikio yalimgeuka rangi. Akamgeukia afisa, akasema neno moja fupi, fupi mno kuwa thelathini na minane. Afisa akatabasamu, akapiga mhuri.

Walipopita kile kizuizi cha kioo, Injinia alinyoosha mkono kumpokea mkoba. "Asante, Ma..." alianza.

"Acha," alisema Mama Dobi. "Toka lini bosi akambebea mtumishi mzigo? Yule mama bado anatutazama."

Na kweli alikuwa anawatazama, kwa wema tu, huku akingojea wa pili kwenye mstari. Mkono wa Injinia ukabaki hewani, kisha ukarudi mfukoni. Mama Dobi aliutupa mkoba begani, akashusha macho, akampisha. Mwanawe akasimama, hajui aende au abaki, watu wakimpita pande zote na mizigo yao.

"Tangulia," mama yake alimwambia.

Akatangulia. Mama Dobi alimwacha aende hatua tatu, kisha akafuata na viatu vyake vilivyokanyagwa, mpaka kwenye milango inayojifungua yenyewe, ambako mkwewe alikuwa amesimama na mtoto, anaangaza huku na huku asije akawepo mtu anayewajua.